Buibui wangu aligoma kula Julai yote, kumbe shida ni balbu yangu

Wakuu, niaje. Sogeeni niwapigie hii stori. Si chai, imenitokea mwenyewe hapa Kware, na aibu yote ni yangu.

Mimi ni mtu wa nyumba. Kazi yangu ni kutype maneno ya video za watu, kwa hivyo naweza kumaliza wiki bila kuvaa viatu. Dirisha langu linaangalia ukuta wa ploti jirani, karibu kiasi cha kuugusa. Bila balbu, kwangu saa sita mchana ni giza.

Mwaka huu beshte yangu Musyoka wa Komarock alinipa tarantula ndani ya boksi ya plastiki yenye udongo. Buibui mkubwa kama kiganja, manyoya kila mahali. Nikamwita Shosh, yaani nyanya, kwa sababu anapenda kona yake na hataki kelele.

Sasa msicheke. Namuogopa Shosh. Nilikuwa nalala taa ikiwaka ndio nijue ako wapi.

Julai ikaingia na baridi yake. Shosh akagoma kula. Namwekea mende, mende anamtembelea mgongoni kama landlord.

Wiki nne!

Na hakuwa anajiandaa kubadilisha ngozi. Wakikaribia hapo tumbo hunona na kuwa jeusi. Lake lilikuwa linanywea tu.

Nikasema ni baridi. Nikatafuta taa ya meza, yenye balbu ya zamani inayochoma, nikamwelekezea usoni mchana na usiku. Akajipenyeza kwenye shimo lake, akafunga mlango na utando.

Nikamtumia Musyoka picha. Akapiga simu mara hiyo hiyo.

"Wee, huyo unamfuga ama unamhoji kama mwizi? Jumamosi nakuja kumchukua kabla umuue."

Iliniuma. Shosh ndiye mtu wa pekee ninayeishi naye.

Alhamisi saa tisa mchana, stima ikapotea. Giza totoro. Mama Achieng, jirani anayeuza mandazi, akagonga akiwa na karai.

"Jirani, niwekee huu unga wa mandazi, nimeshaukanda. Kwangu nafua, mlango uko wazi, na baridi itaukataza kufura."

"Si uuweke tu kando ya jiko?"

"Ukauke juu, ndani ubaki jiwe? Wewe ulifunzwa na nani? Unga unataka joto la blanketi, si moto."

Akaufunika na blanketi, akaenda zake.

Mimi nikaangalia hiyo blanketi, nikamfikiria Shosh.

Nikachemsha maji kwa gesi, nikajaza chupa mbili, nikazifunga na sweta, nikazisimamisha kando ya boksi ya Shosh. Upande mmoja tu, ndio akisikia joto limezidi asonge. Nikafunika na leso. Taa ilikuwa imejizima yenyewe, hiyo akili singekuwa nayo.

Baada ya saa moja hivi nikachungulia, mwanga wa simu nimeuziba na vidole. Shosh ako nje, miguu yote minane ameinyoosha! Nikadondosha mende. Hakumaliza hatua mbili, Shosh akamdaka.

Nikapiga nduru. Mama Achieng akaja mbio.

"Umemwaga unga wangu!"

Nikamwonyesha boksi. Akaangalia, akabeba karai lake, akatoka. Siku hizi unga wake unafuria fourth floor, mbali na Shosh.

Jumamosi Musyoka alikuja na ndoo yenye kifuniko. Akaliangalia tumbo la Shosh, akaniangalia mimi. "Sawa. Kaa naye." Akarudi Komarock na ndoo tupu.

Nilichojifunza ni kwamba joto na mwanga ni vitu viwili. Hawa ni wadudu wa giza. Baridi ikizidi wanazubaa na kuacha kula, lakini ukiwapa joto la balbu wanajificha tu. Joto lipite kando, polepole, na taa izimwe.

Hapo kwa kuzima ndio kuna shida. Shosh sasa anakula vizuri. Mimi ndio nalala gizani nimekunja miguu, nikisikiliza kama kifuniko kimesonga.

Wenye mnafuga, Julai mnaivuka aje? Na mwenye ako na dawa ya uoga asininyime, hata kama ni ya kunicheka kwanza.