Springi Ndefu za Kwenda Buterere

Chabani si mtu wa haraka, na mtaa mzima wa Jabe unamjua kwa hilo. Ukimpelekea gari asubuhi, kwanza atalizunguka, atakunywa chai yake, ndipo ashike spana. Lakini Ijumaa ile, subhanallah, mtu alikuwa hakai wala hasimami.

Tangu alfajiri binti yake Hayat alikuwa anapiga simu kutoka Buterere. Mvua ilikuwa imejaza maji uani. Mimba ilikuwa ya miezi tisa, mume yuko Uvira kwenye biashara zake, na teksi zote zilikuwa zinaishia kwenye lami.

"Papa, maji imefika kwa mulango."

"Panda juu ya kitanda. Nakuja!"

Aje na nini? Gari la kuingia kule lilikuwa moja tu, jipu la jirani yake Sylvère, nalo lilikuwa papo hapo garajini juu ya magogo, halina hata gurudumu. Sylvère alitaka linyanyuliwe lisikwame tena mitoni anakokwenda kununua mihogo. Springi za zamani zilikuwa zimeshatoka, ndefu zimefungwa upande mmoja.

"Tutamaliza saa ngapi?" Sylvère aliuliza.

"Usiniulize saa, nishikie hapa!"

Akafunga, akachubuka vidole, akatukana bolti iliyoshika kutu. Mpira wa breki ukawa mfupi, akatafuta mrefu. Adhana ikapita juu ya kichwa chake. Sylvère alikuwa ameomba gari lipande vidole vinne tu. Chabani, mwenye kuona maji tu machoni, akaongeza vipande vya chuma kwenye springi, vikawa vidole tisa.

"Si ni nyingi?"

"We hujui maji ya Buterere."

Sasa kuna desturi ya Chabani ambayo haachi hata nyumba ikiungua: bolti za springi hazikazwi mara ya mwisho mpaka gari lisimame chini na watu ndani, ili springi zikae zinavyotakiwa. Basi akarudisha magurudumu, akalishusha gari, akapiga kelele mtaani, "Njooni mukae!" Wanaume sita wakaruka ndani wakicheka. Mama Sikuzani, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, ambaye hakosi kupanda awe mzigo Chabani akijaribu springi, akainua mguu mara mbili, akashindwa.

"We Chabani, hii gari unatengenezea twiga?"

"Baki chini, mama! Hawa wanatosha!"

Akaingia uvunguni, akakaza. Kisha wakaondoka yeye na Sylvère, maana safari ya kwanza fundi hupanda mwenyewe.

Buterere maji yalikuwa ya magoti. Jipu likayapasua bila hata kukohoa, na kwa mara ya kwanza siku ile Chabani akapumua. Hayat alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimelowa, mkono kiunoni. Uchungu ulikuwa umeanza.

Chabani akamfungulia mlango wa gari. Sakafu ilimfika binti kiunoni. Akajaribu kuinua mguu, tumbo likakataa. Sylvère akamvuta mikono kutoka juu, Hayat akalia, "Niache, niache!" Chabani akasimama mdomo wazi. Alikuwa amefikiria maji, breki, springi, kila kitu. Tumbo hakulifikiria. Na Mama Sikuzani alikuwa amemwambia.

Akapiga magoti, akainama mpaka maji yakamfika kidevuni.

"Panda."

"Mi nikukanyage we, papa? Apana! Haiwezekani."

"Kanyaga, mutoto wangu. Ni mi nimeipandisha hii gari."

Hayat alisita. Kuinama hakuweza, kwa hiyo akazivua sandali zake kwa vidole vya miguu, moja, halafu nyingine, zikaelea. Akaweka mguu mtupu mgongoni mwa baba yake, huku akilia na kuomba msamaha. Alikuwa mzito, na Chabani akayashika matope kwa mikono miwili asiyumbe.