Korongo mbili na bunduki tatu

Leo jimeli yangu, ile darubini ya kuonea mbali, ilitaka kunizika!

Nilikuwa nyuma ya mutaa ya Nyakasanza, telefone nimeiegemeza mu kioo ya jimeli, nipige foto ya korongo za taji. Askari tatu wakatokea.

"Muzee, weye ni mupelelezi wa nani?"

Miye, mwenye nilishaangalia simba mu macho, nikainua mikono juu.

Nikapatia chef wao, ule mukubwa wao, jimeli. "Angalia weye mwenyewe."

Akaangalia.

Kule bondeni korongo mbili zilikuwa zinaruka, zinainamiana, taji zinawaka mu jua.

"Mungu wangu. Zinacheza. Hata mu hii vita," chef akasema.

Bunduki zikawekwa chini, kila mumoja akangoja zamu yake ya kuangalia.

Foto sikupata. Jimeli walinirudishia na mikono mbili.

Mwenye kubisha akuje, nimuonyeshe majani yenye ilibonyea, pale fasi bunduki zililala.