Misuko Mitatu Chini ya Ushungi

Zama za Mjerumani nilikuwa mwosha maiti wa kike katika mtaa wetu wa Waswahili, chini ya boma la Arusha. Sijisifu. Ilikuwa kazi ambayo hakuna aliyeitaka, nami niliirithi kwa mama yangu kama mwingine anavyorithi kinu. Mume wangu alifia njiani akiwa na mizigo ya msafara, mtoto sikujaliwa, na mikono yangu haikutetemeka mbele ya mfu. Basi akifa mwanamke, huitwa mimi. Marehemu baba alinifundisha herufi za Kiarabu, ndiyo maana leo nayaandika haya mwenyewe badala ya kuwaachia wengine, maana wao wameyasimulia vya kutosha.

Kazi ile ina sharti. Ukiona jema kwa maiti unaruhusiwa kulisema: uso uling'aa, viungo vililainika, alikuwa kama anatabasamu. Ukiona baya unalimwaga pamoja na maji machafu, na hulitaji hata kwa mumeo chumbani. Mama alinifunza sharti hilo kabla hajaniruhusu kushika kata. Nililishika miaka mingi na sikuliona zito, mpaka ilipofika zamu ya mwimbaji wetu.

Alikuja na msafara kutoka pwani, mwanamke wa miaka kama thelathini, akasema anapumzisha miguu kisha anaendelea. Hakuendelea. Alikuwa na sauti nzito kidogo kwa mwanamke, na alianza wimbo taratibu, kama mtu anayezungumza na wewe peke yako. Ngoma yake ilipopigwa uwanjani Ijumaa alasiri, wenye maduka walifunga mapema, askari walibadilishana zamu kwa ugomvi, na Waarusha walioleta ngozi na maziwa sokoni walijichelewesha makusudi. Wapagazi walizibeba nyimbo zake hadi Kikatiti na Moshi, zikarudi zimeongezwa maneno, naye akayacheka na kuyaimba hivyo hivyo. Watu wote tulimpenda, na hakuna aliyemwuliza amelalaje. Mimi pia sikumwuliza, na nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta.

Mpigaji wa ngoma yake kubwa alikuwa Mmeru kutoka juu ya Makumira, mtu mzima, mpole, mfupi wa maneno. Aliteremka mlimani akiuza maziwa, akaisikia ile ngoma, akasilimu, na maziwa akayaacha. Watu wa pwani walimwita mshenzi kwa utani, naye aliuvumilia utani wao. Mwimbaji alimwamini kuliko sisi wote. Alisema yule ndiye pekee anayejua lini wimbo umechoka.

Asubuhi moja ya masika, mvua ikiwa imekatika, tuliona mtu anapanda njia ya mto Themi akiwa amebeba mtu mikononi. Alikuwa ni mpigaji wa ngoma, amelowa chapachapa, na aliyebebwa alikuwa mwimbaji. Alimpeleka moja kwa moja nyumbani kwake, akamlaza kitandani, akakaa chini nje ya mlango. Alipoulizwa alijibu kwamba aliona hayupo, akamtafuta, akamkuta majini. Nikaja kuitwa.

Tulikuwa wanawake watatu. Nilipofika kwenye kichwa niliwatuma wenzangu kuongeza maji, maana ushungi wake ulikuwa umefungwa kwa fundo gumu na sikutaka kukata kitambaa chake. Nikakaa peke yangu nalifungua lile fundo. Chini yake nywele zilikuwa zimesukwa misuko mitatu, mmoja kila upande na mmoja katikati, yote imelazwa nyuma.

Mtu asiyeijua kazi yetu hataelewa kwa nini nilikaa chini. Mwanamke aliye hai hasuki vile. Misuko mitatu iliyolazwa nyuma ni ya maiti. Sisi tunaoosha ndio tunaosuka hivyo, mwisho kabisa, kabla ya sanda. Kucha zake pia zilikuwa zimekatwa, na mwili ulikuwa umesafishwa kama unavyopaswa kusafishwa. Alikuwa amenimalizia kazi yangu. Hakuteleza na hakusukumwa na mtu.

Na kulikuwa na jambo zaidi. Siku chache nyuma alikuja kwangu na kibakuli cha mafuta nimkune kichwa, na nilipokuwa namkuna aliniuliza, kwa sauti ile ile ya kuanzia nyimbo, "Dada, maiti wa kike mnamsukaje?"

Nilimkaripia. Nilimwuliza anataka nini na nywele za maiti. Akasema anataka kuutia msuko huo katika wimbo, na wimbo ukiwa na uongo watu wanaujua. Basi nikavua ushungi wangu, nikasuka nywele zangu mwenyewe mbele yake, pole pole, mmoja, wa pili, wa tatu, nikimweleza kama mwalimu wa chuoni. Akanishukuru. Alipokuwa anatoka alisema amechoka, nami nikamjibu, nani hajachoka. Nikafumua, nikaenda kutwanga.

Nayakumbuka maneno hayo mawili ya kwangu kuliko nyimbo zake zote.

Niliifumua ile misuko haraka kabla wenzangu hawajarudi na maji, nikaosha nywele, nikasuka upya kama vile ndiyo kwanza nasuka. Tulipomaliza nilitoka, na uani palikuwa hapana pa kukanyaga. Minong'ono ilikuwa imekwisha kuanza kwamba amejitosa. Mwalimu wetu, aliyeswalisha mtaani, alikuwa mtu mgumu. Mwaka mmoja nyuma alikataa katakata kumswalia mtu aliyejitoa roho, na yule bwana alizikwa na watu wanne kama mwizi. Mwalimu alinitazama, na watu wote uani wakamgeukia mwosha maiti.

Nilisema uso wake uling'aa. Hilo sharti linaniruhusu. Kisha nikaongeza ambalo hakuna aliyeniomba: kwamba mimi nimeosha wengi, na yule hakuwa na sura ya mtu aliyejidhuru.

Nilidhani namfanyia hisani. Aliswaliwa, tena na umati ambao mtaa ule haujauona tena. Walikuja hata Waarusha wasiojua dini yetu, wakasimama mbali na fimbo zao wakitazama jeneza linavyopokezanwa. Wanaume walilia waziwazi. Wanawake ambao hawajawahi kumpa hata maji ya kunywa walikuwa leo mashoga zake wa chanda na pete, kila mmoja na siri aliyoambiwa yeye peke yake. Nilirudi nyumbani nimetulia, hata nikala.

Nilikuwa mjinga. Nilimfungia mlango mmoja nikasahau ule mwingine. Ikiwa hakujidhuru, na katika mto ule alioga kila siku akiujua kama uani kwake, basi ametoswa. Na nani? Kabla matanga hayajafika siku ya pili nilisikia majibu saba. Ni mume aliyemwacha pwani, ametuma mtu. Ni shetani wa mlimani. Ni kundi la ngoma pinzani. Ni mkubwa fulani wa bomani ambaye alikataliwa. Walibishana huku wakimega ubwabwa, na wengine, Mungu anisamehe, walikuwa wanafurahia. Nilijifanya nashughulika na vyombo.

Siku ya tatu jibu lilikuwa moja tu. Nani alionekana naye mtoni? Nani alilowa? Utani wa mshenzi ukaisha kuwa utani. Wakasema alimtaka, akakataliwa. Wakasema tangu lini mtu wa mlimani akasilimu kwa moyo. Na kila aliyetia shaka alijibiwa kwa maneno yangu: mwosha maiti mwenyewe amesema hakujidhuru. Askari walikuja kumchukua adhuhuri. Tulisikia kwamba alichapwa kiboko akiri, hakukiri, na kwamba Bwana Mkubwa wa boma atasikiliza shauri baada ya siku mbili. Wakati ule mti wa kunyongea ulikuwa unaonekana tangu sokoni, na hakuna aliyehitaji kuambiwa shauri lile litaishia wapi.

Kesho yake asubuhi nilipofungua mlango nilimkuta mwanamke mzee ameketi kizingitini. Alivaa ngozi laini iliyopakwa mafuta, na mbele yake alikuwa na kibuyu cha maziwa. Nilimwamkia shikamoo, hakujua kuitikia. Alikuwa mama yake mpiga ngoma, ametembea kutoka mlimani tangu usiku haujaisha. Alinisogezea kile kibuyu. Sikukichukua. Alikaa pale mpaka jua likawa kali, watu wakipita na kumtemea maneno, kisha akaondoka akakiacha kibuyu mahali pake. Siku ya shauri alirudi, akaketi pale pale. Nilitaka kumfukuza, nakiri. Nilimwuliza kwa ukali anataka nini kwangu, mimi si askari wala si hakimu.

Akakusanya Kiswahili chake chote. "Wewe ulimwosha," alisema. "Sema ulichoona."

Hakuna mtu mwingine aliyenitaka hilo. Mtaa mzima ulitaka nirudie kuwa uso uling'aa. Huyu hakutaka jema wala baya, alitaka nilichoona. Nilisimama pale nikiwa na hasira naye. Kama nikisema, nimemvua marehemu sanda mbele za watu, na dua zote alizosomewa zitaanza kunong'onewa. Kama nikinyamaza, mtoto wa huyu mama anakufa kwa uongo wangu. Nilifunga ushungi wangu nikamwambia twende.

Uwanja wa boma ulijaa kuliko siku ya maziko. Bwana Mkubwa alikaa kivulini kwenye kiti, mkalimani wa Pangani pembeni yake, na mpiga ngoma alikuwa amepiga magoti juani, mgongo umevimba, macho chini. Nilisogea mbele bila kuitwa. Nilimwambia mkalimani kwamba mimi ndiye mwosha, na kwamba mwanamke yule nilimkuta amesukwa misuko mitatu.

Mkalimani alitafsiri. Bwana Mkubwa alikunja uso akauliza jambo, na mkalimani akaniuliza nywele zinahusu nini. Sikuwahi kujibu. Nyuma yangu, upande wa wanawake, mmoja akaangua kilio, na wa pili, na wa tatu, mpaka wakalia wote. Siku ya maziko walilia kwa sauti za kusikika. Siku ile walilia wakijikunyata, wakishika vichwa vyao. Walielewa kwamba aliyewaimbia kila Ijumaa alikaa peke yake chumbani akajisuka kama maiti, na kwamba sote tulikuwa tunapita dirishani pake. Bwana Mkubwa alimtazama mkalimani, na mkalimani, naye mtu wa pwani, akaanza kumweleza kwa sauti ya chini. Alieleza kwa muda mrefu.

Kisha likaja swali ambalo nilijua linakuja. Misuko ile inajulikana na waoshaji tu, sivyo? Sasa yeye mwimbaji alijifunza wapi? Au huyu mwanamke amepewa kitu na ndugu za mfungwa aje kusema uongo?

Mama wa mlimani alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Hakuelewa swali. Alinitazama mdomoni tu.

"Nilimfundisha mimi," nilisema. "Aliniomba, nikamwonyesha kwa kichwa changu."

Nikaeleza yote, kibakuli cha mafuta, wimbo, kuchoka kwake na jibu langu. Nikaeleza na uongo wangu kwa mwalimu. Walimfungua mpiga ngoma kabla ya adhuhuri. Alinyanyuka kwa kushikwa na mama yake, wakashika njia ya Moshi, na sijamwona tena. Nilisikia kwamba hakushika ngoma maisha yake yote. Sikumlaumu kwamba hakunitazama.

Mwalimu hakufuta swala yake. Alisema imekwisha kuswaliwa, na hesabu ni ya Mwenyezi Mungu. Neno hilo lilinipunguzia mzigo, na mpaka leo namwombea mwalimu kwa hilo. Lakini nilipogeuka nirudi nyumbani, wanawake walinipisha njia pana mno. Mmoja wa wale wawili tuliomwosha pamoja alisema bila kupaza sauti, "Ulimfundisha, kisha ukatuambia uso uling'aa." Nikapita katikati yao.

Walihitaji mtu wa kumtupia lawama, na sasa walimpata aliyeungama mwenyewe. Wiki ile ile ilisemwa kwamba nilimwonea wivu, nikamsuka mimi, nikamtia uchuro. Wengine waliapa kwamba waliniona. Sikuitwa tena kuosha mtu. Walimtafuta mwanamke mwingine kutoka Moshi, mtu wa haraka haraka, anayesuka ovyo. Mjerumani ameondoka, Mwingereza amekuja, watoto wa wale waliolia bomani sasa ni wazazi, na nyimbo bado zinaimbwa na watu wasiojua zilikuwa za nani. Kwa nini alifanya vile, sijui. Wanaojua ni wale ambao hawakumwona.

Siku hizi miguu imevimba na sitoki sana. Nina sanda yangu sandukuni na karafuu maiti ya kutosha. Kilichobaki ni mtu wa kunisuka, maana yule wa Moshi amekwisha kufa na wasichana wa sasa hawajui kazi. Kuna jirani mmoja, mwema, huja kunikuna kichwa siku ya Alhamisi. Mwezi uliopita nilimwambia avute kigoda karibu nimwonyeshe namna ya kusuka misuko mitatu, ili siku yangu ikifika asibahatishe. Aliondoa mikono yake kichwani pangu, akaketi mbele yangu, akaniuliza nimelalaje.