Mgomba wa Kabuchai kwenye Baridi ya Mlima

Asubuhi jalidi ilipochoma migomba ya mama, nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na sikuwa na jibu hata moja. Majani yaliyokuwa ya kijani jana yake jioni yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga ya sukuma iliyosahauliwa jikoni. Nyasi za kando ya kijito zilikuwa nyeupe kwa barafu, zikivunjika chini ya gambuti zangu. Mama alisimama pale na shuka mabegani, akatazama mgomba wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu akarudi kukamua ng'ombe. Afadhali angenigombeza.

Migomba ile ilitoka Kabuchai, upande wa Bungoma, nilikozaliwa. Bibi, mama yake baba, alimpa mama chipukizi moja alipoolewa. Mama akaipanda chini ya nyumba, karibu na mto, ikazaana hadi ikawa kichaka tulichojificha ndani yake tukiwa watoto. Bibi aliamini kwamba mwanamke asiye na migomba yake bado hajafika. Ni mgeni tu anayelala hapo. Baba alipofariki na shamba la Kabuchai likabaki mikononi mwa ndugu yake, mama alihamia kipande ambacho baba alikuwa amekinunua juu ya Endebess, kwenye mteremko wa mlima. Alikuja na machipukizi matatu ndani ya gunia. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo na kazi haijapatikana, kwa hiyo nilikuja pia.

Hata tulipokuwa tumelala huko miezi kadhaa, mama akizungumza kwa simu alisema "huku Endebess." Kabuchai ndiyo iliyoitwa nyumbani. Nilipomuuliza ataacha lini kusema hivyo, alijibu, "Nikikata mkungu wangu."

Siamini mambo ya namna hiyo. Mtu amefika mahali akishafika. Lakini niliona jinsi alivyokuwa akiamka na kwenda kijitoni kabla hata ya chai, na nikajua kwamba kuamini kwangu au kutoamini hakukuwa na uzito wowote pale.

Jirani yetu alikuwa ametuonya. Ni mwanamke wa rika la mama, aliyezaliwa kwenye mteremko huo na kuolewa hatua chache kutoka alikozaliwa. Siku tuliyochimba mashimo, mvua za Agosti zikiendelea, aliegemea ua akatutazama kwa muda.

"Mama, huko chini baridi inalala," alisema. "Inashuka kutoka mlimani kama ng'ombe wakienda kunywa maji. Ikifika hapo kwa kijito, inalala."

"Ndizi inapenda maji," mama akajibu bila kuinua kichwa.

Mimi nikaona lazima niseme kitu. "Baridi hailali. Baridi si kitu, ni ukosefu wa joto."

Jirani alinitazama kwa utulivu. "Haya, daktari. Huo ukosefu wa joto utalala hapo."

Nilicheka. Nilikuwa nimetafuta kwa simu wastani wa joto la eneo letu na kumsomea mama, na wastani ulisema migomba itamea, polepole lakini itamea. Simu haikudanganya. Nilichoshindwa kuelewa ni kwamba hakuna mmea unaokufa kwa wastani. Mmea hufa asubuhi moja. Tena Kabuchai kila mtu hupanda migomba kando ya maji, kwa sababu kule adui ni kiangazi, si baridi. Tulikuwa tumeleta machipukizi pamoja na akili ya mahali yalipotoka, na hakuna aliyefikiria kuiacha akili hiyo njiani.

Januari ikaja na anga safi, bila wingu, na ile asubuhi nyeupe.

Wiki hiyo nilienda Kitale kutafuta miche ya kufuta aibu. Kando ya barabara kuna mtu anayeuza miche kwenye mifuko myeusi ya plastiki, imepangwa vizuri kama wanafunzi gwarideni.

"Huu unavumilia baridi?" nilimuuliza, nikigusa mparachichi.

"Huo? Baridi yenyewe inauogopa."

"Na huu mpapai?"

"Huo pia. Umezoea."

"Umezoea wapi?"

"Si ni hapa tu."

"Hapa mjini, au kule juu ya Endebess?"

"Madam, baridi si ni baridi tu?"

"Kuna mche wowote hapa usiovumilia baridi?"

Alifikiri, na nakiri kwamba alifikiri kwa haki. "Ule pale nyuma," akasema, akionyesha mmoja uliokuwa umekauka.

Sikununua mche. Nilinunua vipimajoto viwili kwenye duka la pembejeo. Kimoja nilikifunga kwenye kijiti karibu na kijito, kingine kwenye nguzo ya zizi, upande wa juu wa shamba. Kwa wiki tatu niliamka kabla ya jua, nikasoma na kuandika. Mama alipita na ndoo ya maziwa bila kuuliza. Kuna asubuhi kipimajoto cha zizini kilisoma nyuzi nne, na cha kijitoni kilikuwa kimeteremka chini ya sifuri. Shamba moja, mwendo wa kutema mate.

Nilimpelekea jirani daftari langu.

"Kwa hivyo inalala," alisema.

"Hewa baridi ni nzito kuliko yenye joto. Inateremka, inajikusanya bondeni."

"Si ndivyo nilisema?"

"Ulisema kama ng'ombe."

"Na wewe ulisema nini, bana?"

Nilimwomba anitembeze kwenye boma lake, na nikaanza kuandika upya, safari hii nikitazama mashina badala ya simu. Mti wenye shina nene hauhitaji mtu wa kuusemea. Mplamu ulikuwa pale tangu jirani akiwa mtoto. Mipeasi miwili ilipandwa na baba mkwe wake. Miti ya matunda damu, nyanya zile za mtini, ilisimama kando ya ukuta, inaungua miaka mingine kisha inachipua. Kabichi na viazi havikuhitaji maelezo. Nyuma ya jiko lake, palipo na joto, palikuwa na migomba mitatu.

"Na embe?" niliuliza.

Alicheka hadi akashika ua. "Nilipanda. Mara mbili. Usiandike hiyo."

Niliandika. Ilikuwa habari ya maana kuliko yote niliyopata Kitale.

Lakini mama hakutaka plamu. Nilimwambia nitarudi Kabuchai kuchukua machipukizi mengine, na sasa tutayapanda kando ya zizi, palipo na joto la ng'ombe na ukuta wa kuzuia upepo. Kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi alinitazama usoni. "Chukua ya upande wa mto," alisema. "Ya bibi yako ndiyo hiyo."

Nilifika Kabuchai Jumamosi. Nilishuka moja kwa moja hadi mtoni, na hapakuwa na kichaka. Palikuwa na mifereji iliyonyooka, udongo mpya, na vipande vya miwa vilivyofukiwa tayari kungoja mvua za Machi. Baba mdogo alinikuta nimesimama hapo. Kama wazee wengi wa kwetu, aliniita "mayi", yaani mama, ingawa anaweza kunizaa.

"Mayi, ungepiga simu."

"Ulipeleka wapi migomba?"

"Ng'ombe wamekula. Mingine ilioza. Si mama yako alichukua yake?"

Hakusema kwa ubaya. Ni shamba lake sasa, na muwa hulipa. Nilitaka kukasirika, lakini nilijikuta nimechoka tu, uchovu wa mtu anayefika akakuta kila mmoja ametenda jambo la busara. Alinikatia muwa mmoja mrefu, akaufunga kwa kamba. Nilirudi mlimani nikiwa nimebeba huo badala ya mgomba, na njia nzima nilitunga sentensi ya kumwambia mama. Hakuna hata moja iliyosimama.

Nilimkuta kijitoni na jirani, jirani ameshika panga.

"Haikuwako," nilisema. "Amepanda miwa."

Mama aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyekuwa anajua. Jirani alikuwa tayari amekata mashina mawili meusi usawa wa ardhi. Ndani yalikuwa rojo la kahawia, lenye harufu mbaya. Akakata la tatu. Panga lilipita kwenye uozo, kisha likagonga kitu kigumu. Alifuta kwa kidole. Pale chini palikuwa peupe, na maji yakaanza kutoka taratibu.

"Huyu hajafa," alisema.

Nilichuchumaa nikatazama. Mimi ninayedai ushahidi wa kila kitu nilipima hewa kwa wiki tatu, nikasafiri hadi Bungoma na kurudi, na sikuwahi kukata shina hata moja kuona ndani. Niliona jani jeusi nikaandika: umekufa.

Tulichimba tunguu lile la mizizini sote watatu, tukalibeba ndani ya gunia lilelile, tukalipanda kando ya zizi. Mama alilifukia kwa mikono. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alienda kwa jirani akaomba miche miwili ya plamu na mche wa peasi, akaipanda pale kijitoni palipokuwa wazi.

Mgomba ulichipua mvua za Aprili. Sasa ni Januari nyingine, na una majani sita, mawili yameungua kwenye kingo. Ule wa Kabuchai wa umri huo ungekuwa unafikiria mkungu. Huu unafikiria kuishi. Bado ninasoma vipimajoto kila asubuhi, kwa mazoea kuliko kwa imani. Plamu ziko uchi, bila jani hata moja, na jirani anasema ndivyo zinavyopaswa kuwa.

Leo asubuhi mama alikuja na ndoo, akasimama kando yangu mbele ya mgomba.

"Utazaa?" aliuliza.

Nilikuwa na mengi ya kusema: urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, miezi, nyuzi, ukuta. Jirani ana migomba miwili iliyozaa na mmoja ambao haujawahi. Nilitazama lile jani changa lililojikunja katikati, ambalo lilikuwa halijafunguka kwa siku kumi.

"Sijui, mayi."

Mvuke ulipanda kutoka kwenye maziwa.

"Angalau leo hukusema wastani," alisema. Akanipa ndoo niishike, akachukua beleshi, akaanza kusogeza samadi ya ng'ombe ya usiku huo kuelekea kwenye shina la mgomba.