Aliyevunjika Mguu Kwenye Foleni ya Mkate

Hivi mtu anaweza kuvunjika mguu akiwa amesimama?

Mimi nimeona kwa macho yangu. Asubuhi, kweupe, kwenye foleni ya mkate.

Hakuanguka wala hakugongwa na gari. Mwokaji alimwita, akageuka kupokea mkate wake wa moto, tukasikia "ko!" kama mtu kavunja kuni. Burulai akashuka chini taratibu, mkate kaukumbatia kifuani, midomo imemkauka.

"Dada Saikal," akaninong'oneza, "usimwambie daktari."

Daktari mwenyewe alikuwa nyuma yangu, kashika kikombe cha chai.

Ngoja niirudishe hadithi nyuma kidogo, ingawa hata kuisimulia kunanichosha.

Mimi ni muuguzi, naishi Bishkek. Mwaka ule niliazimwa kwenda kumsaidia Daktari Ermek kwenye utafiti wake. Alitaka kujua kwa nini watu wanaoanza kukimbia ukubwani wanaumia haraka, na kama wakianza polepole wataumia kidogo. Akatangaza redioni kwamba anatafuta watu ambao hawajawahi kukimbia.

Wakaja. Walimu, wauza nguo, mabibi wenye sukari. Na dereva teksi mmoja mwenye kitambi, Kubat, ambaye mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko miguu.

Tukawagawa. Kundi la kwanza lilikimbia moja kwa moja. Kundi la pili lilitembea kidogo, likakimbia kidogo, likiongeza polepole.

Kazi yangu ilikuwa kuwapitia kila wiki, mmoja mmoja. "Unaumwa popote?"

Na sheria ya daktari ilikuwa moja tu: anayeumwa aende nyumbani akapumzike, arudi akipona.

Wengi hawakurudi.

Baridi ilikuwa imeingia. Moshi wa makaa ya mawe umeulalia mji, ukikohoa unatoa mate meusi. Mimi nimevaa soksi mbili mbili, niko bustanini wanakokimbilia, kuuliza watu habari za magoti yao. Wakati mwingine nilitamani nami niumwe ili niambiwe nikapumzike.

Kubat alichomoka mapema.

"Dada, goti linawaka moto. Sifanyi utani."

"Goti linasingiziwa tu, kosa ni la kitambi!" wenzake wakampigia kelele.

"Chekeni. Mimi kwa mwili wangu sijikazi kisabuni," akajibu, akaingia kwenye teksi yake, huyo.

Burulai alikuwa kundi la polepole. Mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, kitambaa kichwani, anashona mapazia. Mumewe, tulivyojua, yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi, kama waume wengi wa mtaa wao. Nyumbani anamuuguza mama mkwe aliyepooza upande mmoja. Akija kukimbia, jirani ndiye anabaki na mgonjwa.

Hakukosa hata mara moja.

"Mama, wewe umekunywa petroli?" Kubat alikuwa akimtania enzi hizo bado yupo. Burulai anacheka mpaka anashika mbavu.

"Unaumwa popote, Burulai?"

"Mimi? Miguu ya farasi hii, dada. Nenda kaulize wengine."

Daktari Ermek alimpenda kupita kiasi. "Huyu ndiye ushahidi wetu," aliniambia. "Mtu mzima, hajawahi kukimbia, kaanza polepole, hana hata mkwaruzo."

Kisha ikaja ile asubuhi ya mkate, tulipopita kwa mwokaji baada ya mazoezi.

Hospitalini mpiga picha za eksirei alituita, akaonyesha kwa kalamu. Mfupa wa ugoko.

"Ufa huu si wa leo," akasema. "Una wiki nyingi. Huyu mama alikuwa anakimbia nao hivyo hivyo, leo ndipo mfupa umekatika."

Ermek akavua miwani, akakaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa.

Nikarudi kitandani. "Burulai, kwa nini?"

Akageukia ukutani. "Nenda kamwambie mama nitachelewa."

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa namchukia yule bibi kabla sijamwona. Mtaani walishasema ni mkorofi, anamtesa mkwewe. Nikajua nimeshapata jibu: mwanamke anamkimbia mama mkwe, basi.

Nikamkuta kalala karibu na dirisha, mkono mmoja umekunjamana.

"Kavunjika?" akaniuliza kabla sijavua viatu.

Nikapigwa na butwaa. "Umejuaje, mama?"

"Nani alikuwa anamkanda huo mguu? Kila jioni, kwa mkono huu unaofanya kazi. Namchua kwa mafuta ya mkia wa kondoo, anauma mto ili jirani asisikie."

"Na hukumwambia aseme?"

"Mimi ndiye nilimwambia asiseme."

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Mwanangu kapotea huko Urusi," bibi akasema. "Hakuna simu, hakuna maiti. Tangu hapo mkwe wangu akawa kama kiti humu ndani. Anapika, ananigeuza, anashona. Haongei. Nikasikia tangazo lenu redioni, nikamwambia nenda. Akakataa. Basi nikagoma kula. Akaenda kwa hasira!"

Akatabasamu upande mmoja wa uso.

"Karudi anacheka, binti yangu. Ananisimulia habari za dereva mwenye kitambi. Jioni nzima ananisimulia. Halafu mguu ukaanza kuuma. Angesema, mngemrudisha wapi? Hapa!" Akalipiga godoro. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Hukuogopa atavunjika?"

"Niliogopa. Ule ukimya niliuogopa zaidi."

Nikachemsha maji, nikamnywesha chai, nikasubiri mpaka jirani alipofika.

Nilipomweleza Ermek, aliuliza swali moja tu. "Na wengine je?"

Mkutano uliofuata akasimama mbele ya wakimbiaji wetu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kuanzia leo hakuna anayerudishwa nyumbani. Ukiumwa, njoo. Utatembea, utakaa, utakunywa chai na wenzako. Sasa naomba mniambie ukweli."

Wakatazamana.

Mwalimu mmoja akapandisha suruali. Kifundo cha mguu kimefungwa bandeji. Muuza nguo akavua kiatu. Bibi mmoja akaanza kulia. Wa kundi la haraka, wa kundi la polepole, wote wana lao wamelificha. Kumbe wakweli wetu walikuwa walioondoka, na mmoja wao ni Kubat, tuliyemfanya kichekesho.

Kazi ya miezi ikawa haina maana. Majibu mengi niliyokusanya kwenye ile baridi yalikuwa ya uongo. Tukaanza upya, na Ermek mwenyewe akampigia Kubat simu kumwomba arudi.

Burulai mfupa wake uliunga vibaya. Anatembea, ila kukimbia ndiyo basi tena. Alikuja na magongo, akakaa na wenzake, akawazomea waliokuwa wanavuta miguu. Siku moja nikamuuliza kama anajuta.

"Kudanganya najuta," akasema. "Kukimbia sijuti."

Bado nafanya kazi ile ile, na bado nachoka. Ila nimejifunza kitu kimoja, nakuachia na wewe. Kabla hujamuuliza mtu anaumwa wapi, mhakikishie kwanza kwamba jibu lake halitamnyang'anya kile kinachomfanya aamke asubuhi.

La sivyo atakuchekea, atakwambia ni mzima, nawe utaondoka umeridhika.