Kuteremka Soni Bila Mngurumo

Lori la magogo lina kelele, na watu wa barabara ya Soni kwenda Mombo waliishi kwa kelele hiyo. Naanza na hilo kwa sababu nikianzia kwingine nitapotea, najijua. Barabara ile nyembamba. Upande mmoja mlima umechongwa, upande wa pili bonde, na mto uko chini huko, unausikia tu. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani hawezi kugeuka kila mara kutazama nyuma. Anasikiliza. Akisikia lori bado liko kona mbili tatu juu, anatafuta mahali papana, anaegemea mlima, linapita, anaendelea na safari yake. Walijua hata ni lori la nani, kwa mngurumo tu.

Mimi nilikuwa dereva wa bwana mmoja mwenye kiwanda cha mbao kule Shume, enzi za Mwingereza, wakati wa vita vya Hitla. Shule yangu ni juzuu tatu za chuoni kwetu Mlalo, na namba za gari. Kuandika huku nimejifunza ukubwani, kwa hiyo msinilaumu nikizunguka. Nyuma ya lori tulifunga tela, juu ya tela magogo ya mierezi, tunapeleka stesheni Mombo. Udereva niliupata baada ya miaka ya kupasua mbao shimoni, mmoja juu, mmoja chini, msumeno katikati, vumbi linaingia mpaka kooni. Vidole viwili vya mkono wa kushoto niliviacha huko. Kifua nacho kilibaki kinapiga filimbi.

Basi vita vikabana petroli. Bwana akatuita, mimi na dereva mwenzangu wa lori la pili, akasimama mbele yetu na kijiti chake. Kijiti kile alikichonga mistari, akikitumbukiza kwenye tangi anaona mafuta yamefika wapi.

"Mafuta ya kibali hayatoshi magari mawili," akasema. "Mwezi huu mtaendesha wote. Atakayenibakizia mengi, lori ni lake. Mwingine atarudi shimoni."

Mwenzangu alicheka, maana alikuwa kijana mwenye kifua kizima. Mimi sikucheka. Nilijua nikirudi kwenye lile shimo sitatoka kwa miguu yangu.

Nikaanza kubana. Nilitoa kila kitu kisicho na kazi, minyororo mibovu, mapipa, hata kiti cha abiria. Magurudumu nikayajaza upepo yakawa magumu kama jiwe. Plagi nikazisugua kila asubuhi. Wakati wa kurudi mlimani bila mzigo, tulikuwa tunainua tela zima tunalipandisha mgongoni mwa lori, lisiburutwe bure. Kazi hiyo ilitaka watu sita, nao walinitukana kwa Kishambaa cha ndani kabisa, siwezi kukiandika. Kupanda nilipanda polepole, mguu mwepesi, kama mtu anayekanyaga mayai. Bado kijiti kikaonyesha mwenzangu ananipita kidogo.

Ndipo nikafikiria mteremko. Kwa nini nichome mafuta kushuka, wakati mlima wenyewe unanisukuma? Siku iliyofuata, tulipotoka Soni, nikatoa gia nikazima injini.

Jamani, kile kimya! Uzito wote ule unateremka, na unachosikia ni magurudumu yanasaga changarawe na magogo yanalia kwenye minyororo. Usukani ukawa mzito. Breki ikaanza kunuka mapema, harufu ya nguo inayoungua. Nyuma kwenye tela alikaa mlamu wangu, kaka wa mke wangu, mtu mzima mwenye watoto wanne. Kazi yake kuzungusha gurudumu la breki ya tela lisije likatusukuma.

"Mlamu!" akapiga kelele. "Umeliua gari?"

"Nimeliua! Litafufuka Mombo!"

"Na sisi tutafufukia wapi?"

"Wewe zungusha breki, mwoga mkubwa! Ndiyo maana dada yako nilimpata kirahisi!"

"Ulipewa kwa huruma, vidole nane wewe!"

Tulicheka mpaka chini. Jioni bwana akatumbukiza kijiti, akakitazama, akanitazama, akakitumbukiza tena.

Sasa nieleze habari ya mkwe wangu, maana bila hiyo hamtaelewa. Mama mkwe alikaa chini ya Soni, kona kama sita hivi, na siku za gulio alipanda na ndizi akarudi na chumvi na mafuta ya taa. Kwetu mkwe ni mkwe. Mimi na yeye hatukukutana uso kwa uso njiani. Nikiwa kwa miguu, nilikuwa naingia vichakani mpaka apite. Nikiwa na lori, yeye ndiye aliyekuwa akinisikia toka mbali. Anasogea upande wa mlima, anajifunika kanga, ananipa mgongo. Mimi natazama mbele kama sijaona mtu. Miaka mingi tuliheshimiana hivyo, na aliyetupatanisha alikuwa mngurumo wa ile injini.

Honi ilikuwepo, mtasema. Ndiyo. Kona nyingine zote nilipiga honi. Lakini zile kona sita za kwao sikupiga. Kumpigia mkwe honi ilikuwa sawa na kumwita kwa sauti, "Wee mama, toka njiani!" Nani angefanya hivyo? Mkono wangu ulikataa wenyewe.

Mambo yalianza kunionya, kwenye kona hizo hizo sita. Kwanza mbuzi, niliwaona wawili wamelala katikati ya njia, hawakuinua hata kichwa mpaka bampa lilipowafikia. Kisha mzee mmoja mwenye kuni, alijirusha ukingoni, akanisimamisha pale Soni siku ya pili yake. Nikamwambia shikamoo, hakuitika haraka.

"Lori lako siku hizi linatembea kama chui," akasema. "Chui hatembei hivyo kwa wema. Marahaba."

Mlamu naye utani ulimwisha. Akaniambia, "Washa injini kuanzia kwa mama. Hapo tu, mlamu. Nakuomba."

Nikamwambia mwezi umebaki siku nne. Akarudi kwenye breki yake. Naye alijua habari ya shimo.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio, ukungu umeshuka toka asubuhi, unakaa kwenye kona kama pamba. Nilizima injini Soni kama kawaida. Kona ya kwanza, ya pili. Breki inanuka. Tela linasukuma kuliko siku zote, kwa sababu magogo yalilowa. Kona ya tano nikatoka kwenye ukungu, na mbele yangu, katikati ya njia, nikaona kanga na debe la mafuta ya taa kichwani. Nilimjua kwa mgongo. Mgongo ndio niliouzoea.

Mkono ukaenda kwenye honi. Naandika hili kwa sababu ni kweli: mkono ulifika, ukasita. Kitambo kidogo tu, kama mtu anayemeza mate.

Nyuma mlamu akapiga ukelele, "Mama!"

Mkwe akasikia, na lori likawa limeshamfikia. Hakuwa na nafasi ya kuchagua upande. Alifanya alichofanya miaka yote, alijifunika uso akanipisha. Akanipisha upande wa bonde.

Nililigongesha lori kwenye mlima, likasaga udongo, likasimama. Mlamu alikuwa ameshateremka bondeni kabla sijafungua mlango. Alimkuta amenaswa kwenye vichaka, hai, nyonga imevunjika. Mimi nilisimama juu njiani. Hata wakati ule sikuthubutu kwenda kumshika, maana alikuwa mkwe. Harufu ya mafuta ya taa ilijaa kona nzima.

Alipona kwa kulala. Kutembea hakutembea tena, zaidi ya kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mwezi ulipoisha bwana alisema mimi ndiye nimebakiza mengi, akanipa lori. Mwenzangu akaingia shimoni.

Baada ya wiki chache mama mkwe akanitumia neno kwa mwanawe, kama ilivyo desturi. Mlamu alisimama mlangoni kwangu, hakutaka kukaa.

"Mama anauliza hivi. Anasema siku ile alisikiliza sana, kwa sababu ya ukungu. Hakulisikia gari. Anauliza, ni masikio yake yamezeeka?"

Nilitazama chini. Nilifikiria shimo, nikafikiria watu wote wa Soni wakijua nilizima injini, bwana akijua.

"Mwambie ni ukungu," nikasema. "Ukungu unameza sauti."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie hivyo."

Akaenda akamwambia. Kesho yake hakuja kazini, wala hakupanda tela langu tena. Na mama mkwe alidhani ukungu nimeutaja kwa kumstahi tu, masikio yake ndiyo yamezeeka; mpaka anakufa, mtu akimsemesha alikuwa akitega sikio kwa kiganja, anaomba arudiwe, wakati alikuwa anasikia vizuri kabisa.