Muuaji Aliyevua Viatu Mlangoni

Wifi yangu walimpachika jina la Kwanini akiwa bado mdogo, kwa sababu ya kuuliza. Mume wangu anasema dada yake huyu aliwahi kufungua redio ya baba yao kwa kisu cha mezani ili aone msomaji wa taarifa anakaa wapi. Alipopata nafasi ya kusomea filamu chuoni alihamia kwetu, analala kwenye kochi sebuleni, na tangu hapo sijaangalia filamu kwa raha. Mimi nimekumbatia mto kwa woga, yeye pua inakaribia kioo cha televisheni. "Umeona, wifi? Wameanza na viatu. Kila muuaji anaanza na viatu." Halafu anarudisha nyuma, nami naogopa upya kitu kile kile.

Muhula huu mwalimu wao aliwapa kazi ya kutengeneza mwanzo tu wa filamu ya taharuki. Watumie yale tuliyozoea kuyaona kwenye filamu za namna hiyo, halafu wavunje zoea moja, na kuvunja kwenyewe kuwe na maana. Wale ambao mwanzo wao utakubaliwa wataongoza filamu nzima. Wengine watawabebea wenzao nyaya na taa. Kwanini mwaka jana alibeba nyaya. Alikuwa akirudi mabega yamemshuka, anakula kwa kusimama, hata swali haulizi. Safari hii alishapeleka mwanzo mmoja ukarudishwa. Akabakiwa na jaribio la mwisho, na chumba changu.

Hadithi yake ilikuwa hivi: umeme umekatika, mama anabembeleza mtoto. Viatu vinakuja koridoni, mlango unasukumwa, mama anapiga ukelele. Zoea la kuvunja, alisema, ni kwamba kumbe mwenye kisu ni mama. Mama nikawa mimi. Mtoto akawa mwanangu, tunayemwita Kidole kwa vile kidole gumba hakimtoki mdomoni. Muuaji akawa jirani yetu fundi redio, mtu mwenye mwili wa kujaza mlango na sauti ndogo ya kuomba radhi. Kwanini alimwazimia koti refu jeusi na mabuti ya mlinzi wa chuo, vyote vya kurudishwa jioni ile ile.

Usiku wetu tuliutengeneza mchana kweupe. Tuliziba dirisha kwa mablanketi, chumba kikawa kama sufuria iliyofunikwa. Kidole akakataa kulala. Kila mabuti yakilia koridoni anacheka, maana fundi ndiye anayemrusha juu kila jioni.

"Labda nitishe zaidi?" fundi akauliza kwa upole, akakunja uso. Kidole alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Kwanini aliketi sakafuni akashika kichwa. Nikamwomba anipe nafasi nimnyonyeshe mtoto. Nikampakata, nikaimba kiwimbo changu kisicho na maneno, na kwa joto lile macho yake yakaanza kulegea. Kwanini akainua uso, akatutazama. Akawasha kamera, akaielekeza kwenye upenyo wa mlango, akampungia fundi mkono aende mwanzo wa korido.

Nikasikia mabuti yanakuja. Nilijua ni fundi, lakini moyo ulinienda mbio kweli. Yakafika mlangoni, yakasimama. Nikajiandaa kwa ukelele wangu, ila mlango haukusukumwa. Nilisikia mtu ameinama anahema, kamba zinafunguliwa, buti moja likawekwa chini taratibu, kisha la pili kando yake. Ndipo mlango ukafunguka, muuaji akaingia na soksi, moja imetoboka.

Na Kidole ndiyo kwanza kalala. Ukelele wa kazi gani tena hapo? Nikamfanyia fundi ishara anyamaze. Akaitikia kwa kichwa, akanyata mpaka nyuma yangu, akasimama akimtazama mtoto.

Kwanini alizima kamera. Alimuuliza fundi, taratibu sana, kwa nini amevua viatu. Fundi akaitazama miguu yake kama ya mtu mwingine.

"Humu siingii na viatu hata siku moja," akasema. "Mama Kidole anapiga deki."

Nilidhani tumemharibia kazi. Nikamwambia tutamwamsha mtoto, turudie. Yeye alikuwa amekodolea macho kile kioo kidogo cha kamera, anarudisha nyuma, anaangalia, anarudisha tena.

"Wifi, njoo. Angalia, usifikirie kuwa ni fundi."

Nikaangalia. Mabuti yakaja gizani kama kwenye filamu zote, halafu yakapangwa vizuri kando ya ndala zangu. Nywele zilinisimama.

"Huyu anaijua nyumba," nikasema.

"Na mama? Mbona hapigi kelele?"

"Labda alikuwa anamngoja. Au anamwogopa, ila hataki mtoto ajue."

"Ni lipi?"

"Sijui, wifi."

"Hata mimi sijui," akasema, na hapo nikamwona yule mtoto aliyefungua redio. Kile kisu cha mama akakirudisha jikoni mwenyewe.

Siku ya kuonyesha, alinisimulia, mtu mmoja alicheka alipoona soksi iliyotoboka, akajikuta anacheka peke yake. Mwalimu aliomba ile sehemu ya mlangoni irudiwe. Kisha akamuuliza huyo mwanamume ni nani kwa huyo mama. Kwanini angeweza kutunga jibu, lakini alisema bado hajajua. Mwalimu akamwambia basi akaongoze filamu yake, akimjua aje awaambie. Jioni ile alikula ameketi, anaongea na tonge mdomoni, na maswali hayaishi.

Fundi bado anakuja kumrusha Kidole. Anavua viatu kama kawaida, nami najikuta nimetega sikio mpaka cha pili kiguse sakafu. Juzi aliniuliza mbona namwangalia hivyo, kwani miguu yake michafu?